Kompyuta Ndani ya Debe la Mama Mdogo

Jumamosi, 12 Julai

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: sijawahi kuwasha kompyuta. Hata moja. Hata kwa bahati mbaya.

Na mimi ndiye katibu wa Klabu ya Kompyuta. Kidato cha tatu. Wananiita Injinia Gwalugano. Najua kazi ya prosesa, najua tofauti ya ramu na diski, najua feni inapaswa kuvuta hewa kutoka wapi. Yote nimeyasoma kwenye kitabu kimoja cha maktaba ya misheni. Kitabu bora sana. Kasoro yake ni moja tu: sura ya mwisho, ile ya kuwasha, ilichanwa na mtu. Nadhani alifungia karanga.

Kompyuta ya klabu ilikufa kabla sijaingia kidato cha kwanza. Kila Ijumaa tunakaa mbele yake, tunaifuta vumbi na kuijadili kama marehemu.

Nimeamua! Nitaunda kompyuta yangu mwenyewe. Ndogo, ya kukaa pembeni mwa meza, ya gharama nafuu. Nitaiwasha chumbani, mlango nimefunga. Siri itakwisha bila mtu kujua kwamba iliwahi kuwepo.

Bajeti: simbilisi kumi na mmoja, wale wanyama wadogo wa kufugwa kama sungura. Wanaishi jikoni nyuma ya mafiga. Mama Mdogo alinipa wawili nilipokuja kwake kutoka Ikinga kuanza sekondari, ili nijifunze kuwajibika. Mimi bado najifunza. Wao wamezaana.

Jumatatu, 14 Julai

Mdomo umeniponza. Mimi, ambaye majina yakiitwa darasani huinua mkono ili nisiseme “nipo”!

Mwalimu Raphaeli, mlezi wa klabu, ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo atachagua mwanafunzi wa kwenda na kompyuta kwenye maonyesho ya sayansi Vwawa. Aziz akasimama papo hapo. Baba yake ana malori yanayokwenda hadi Lubumbashi, na yeye ana kompyuta yenye kava kubwa kama kabati la nguo na taa za rangi zote. Akasema ataileta, mradi ipatikane kirikuu, kile kigari cha mizigo, ya kuibeba. Kisha akageuka na kuuliza kama Injinia naye ataleta kitu au ataleta kitabu chake.

Darasa likacheka. Nikasikia mtu akijibu kwamba Injinia ataleta kompyuta ndogo kuliko zote, aliyoiunda kwa mikono yake, na itawaka mbele ya kila mtu.

Mtu huyo alikuwa mimi.

Jumatano, 16 Julai

Bajeti imezaa usiku. Sasa ni simbilisi kumi na wanne. Dalili njema!

Nimekwenda kwa Fundi Kefa, karibu na foleni ya malori yanayosubiri hapa Tunduma kuvuka kwenda Zambia. Ananunua kompyuta mbovu za maofisini na kuzikata kama mchinjaji. Pia anapenda nyama ya simbilisi kuliko kitu chochote. Alitaka wote kumi na wanne. Kitabu kinashauri kulinganisha bei, lakini niliona haya kumtajia bei nyingine, nikanyamaza. Akashuka hadi kumi na wawili. Nikaendelea kunyamaza kwa sababu sikujua la kusema. Akashuka hadi tisa, akalalamika kwamba watoto wa siku hizi wana roho ngumu.

Mara ya kwanza aibu yangu kuniletea faida.

Nimepata bodi ya mraba ndogo kuliko sahani ya wali, prosesa ikiwa juu yake, ramu moja, feni, kitufe, na pawa saplai nyembamba. Diski sikupata. Kefa amesema mashine itaamka hata bila diski, ila haitakuwa na la kufikiria. Nilitaka kumuuliza inawashwaje. Nikamuuliza bei ya waya.

Limebaki kava. Bei yake ingemaliza simbilisi wangu, watoto wao na wajukuu. Njiani kila mtu niliyemwonyesha picha ya kava aliliita “sipiyu”. Niliwasahihisha wote, kimoyomoyo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata kava! Lilikuwa stoo kwetu siku zote.

Mama Mdogo anauza maharage na karanga soko la nafaka. Ana madebe mawili ya kupimia. Moja limebonyea, ndilo la kila siku. La pili la zamani, limekaa tangu Pasaka bila kazi. Nimelipima na rula: bodi inaingia, na nafasi ya kupumua inabaki. Bati zuri, pembe nne, halina gharama. Wahandisi wa Ulaya hawana debe, ndiyo maana makava yao ni ghali.

Mchoro wangu ni huu. Nimekata ubao mwembamba, nikaukaza ndani ya debe kiganja kimoja juu ya kitako. Pawa saplai italala chini ya ubao, bodi itakaa juu yake. Kwa nyuma, chini kabisa, nimekata mlango mdogo unaofungika, na nimetoboa matundu ya hewa kwa msumari. Mbele, chini ya ubao pia, nimetoboa tundu la kitufe. Juu ya ubao nimeweka matundu manne ya skrubu.

Kisha nikaona ubao unatia doa kazi yangu. Nikachukua rangi ya fedha iliyobaki walipopaka geti, nikapaka ndani kote, ubao na kuta. Nje nikasugua kwa mchanga mpaka likang’aa. Ukichungulia sasa huwezi kujua kwamba kuna sakafu mbili. Unaona debe tu. Kazi safi sana!

Nilikusudia kumwambia Mama Mdogo. Lakini alikuwa anachambua maharage huku akizungumza peke yake kuhusu watu wanaochanganya mawe, nikaona si wakati wake. Nimelirudisha stoo likauke, pale pale pembeni mwa mwenzake. Kitu ukikificha mahali pake hakuna atakayekitafuta.

Jumamosi, 19 Julai

Limepatikana bila kutafutwa.

Asubuhi nilikwenda kukata majani ya simbilisi. Niliporudi, stoo kulikuwa na debe moja. Lililobonyea.

Nikakimbia sokoni. Mama Mdogo alikuwa amesimama katikati ya wateja, debe langu linametameta mikononi mwake kama kikombe cha ubingwa. Anajaza, analigonga ubavuni mara mbili ili maharage yashuke kama wateja wanavyodai, anajaza tena, anamimina. Watu wamepanga mstari. Nilijiambia kwamba nitakwenda mbele na kusema. Nikajificha nyuma ya magunia ya vitunguu. Nikatokwa machozi, nadhani ya vitunguu. Nikarudi nyumbani.

Jioni amerudi akiimba. Amenishukuru kwa kumng’arishia debe, amesema mtoto wa dada yake ana moyo wa dhahabu. Kisha akaniambia jambo la ajabu: gunia la maharage ya Isansa analolijua tangu ujana wake, leo limetoa debe zaidi. Na la pili vile vile. Na la tatu! Amesema ni kama yule mjane wa kwenye Biblia ambaye mafuta yake hayakupungua chupani.

Nikafungua mdomo nimweleze. Akanipa soda. Nikaufunga mdomo kwenye soda.

Jumapili, 20 Julai

Mpango wa leo: baada ya ibada nakimbia nyumbani, nang’oa ubao, hakuna atakayejua.

Lakini ibadani Mama Mdogo amesimama kutoa ushuhuda. Ameeleza gunia la kwanza. Ameeleza la pili. Alipofika la tatu kanisa zima likawa limesimama. Nilijifanya natafuta zaburi. Mwinjilisti ameomba Jumapili ijayo debe liletwe mbele ya madhabahu, watu walione.

Nilipofika nyumbani debe halikuwa stoo. Mama Mdogo amelifunga kwa kitenge kipya na kulifungia chumbani kwake, chini ya kitanda. Ufunguo ameuvaa shingoni.

Jumatatu, 21 Julai

Bana Mutale amekuja.

Huyu ni mama wa Nakonde, ng’ambo ya mpaka, ambaye amenunua maharage kwa Mama Mdogo tangu mimi sijui kusoma. Hununua bila kuhesabu, kwa kuaminiana. Safari hii alipofika kwake akapima tena kwa debe lake. Madebe sita ya Mama Mdogo hayakufika matano. Nilikuwa kwenye kizimba chake cha kuuzia namsaidia baada ya shule, nikamsikia. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Kama ni shida, dada Tupokigwe, ungeniomba,” alisema. “Ningekupa.”

Mama Mdogo alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka. Wakaja wateja wengine wawili wa Jumamosi na maneno yale yale. Jirani anayeuza ulezi akasema sasa tumeelewa muujiza.

Mzee Gibson, mwenyekiti wa wauza nafaka, ameagiza debe liletwe kesho saa tisa alasiri. Saa za Tunduma, amesisitiza, maana Nakonde wako nyuma kwa saa moja na hataki mtu akose kushuhudia. Likionekana lina hila, Mama Mdogo ataondoka kwenye kizimba chake na hatapima tena nafaka soko hili. Kizimba kile ndicho kinachotulisha. Ndicho kinachonisomesha.

Yeye hana hofu. Anasema debe ni lile lile lake la zamani, ila limesuguliwa na mtoto mwema. Ndiyo maneno yaliyonifanya nishindwe kula.

Nimefikiria kuugua malaria. Nimefikiria kukimbilia Ikinga, lakini kondakta hapokei nauli ya simbilisi.

Jumanne, 22 Julai

Lazima niandike yote.

Soko zima lilikuwepo. Bana Mutale amevuka na debe lake. Aziz naye alikuwepo, kwa sababu ofisi ya malori ya baba yake inatazamana na soko, na hakuna jambo la kuchekesha Tunduma linaloweza kumpita.

Mzee Gibson alijaza maharage kwenye debe la Bana Mutale, akayamimina kwenye debe letu. Letu likajaa. La Bana Mutale bado lilikuwa na maharage ya kutosha sufuria ya msiba. Minong’ono. Mzee akaingiza mkono ndani, akagonga kitako kwa kidole. Kikalia kama mlango. Akapitisha kisu pembeni, rangi ya fedha ikapasuka, ubao ukaonekana.

Akasema amekaa sokoni tangu enzi za mizani ya mawe. Ameona lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, ameona maharage yaliyolowekwa maji, ameona madebe yaliyokunjwa kitako. Lakini hila iliyopakwa rangi kwa upendo namna hii, hajawahi.

Mama Mdogo akasogea karibu. Aliutazama ubao. Akayatazama matundu ya msumari. Kisha polepole, kama mtu anayesoma herufi ngumu, akaanza kunigeukia mimi.

Sijui miguu yangu ilikubalianaje. Nilijikuta mbele ya watu.

“Si debe,” nikasema. “Ni kompyuta.”

Watu walicheka mpaka mwenye mashine ya kusaga akazima mashine yake aje aone. Bana Mutale alinishika bega kwa huruma.

“Awe, mwanangu,” akasema. “Hapana. Hili ni debe.”

Nikaeleza. Nilieleza vibaya sana, kuanzia historia ya prosesa. Mzee Gibson akanikata kwenye sura ya pili, akasema yeye hajui vitabu, anajua kupima. Kama ni kompyuta, iwake hapa hapa. Ikiwaka, Tupokigwe hana kosa. Isipowaka, akusanye magunia yake.

Iwake! Kitu pekee duniani ambacho sijawahi kukifanya.

Nilikimbia nyumbani nikarudi na vifaa vyote kwenye ndoo. Hatukuwa na skrini. Aziz akasema yeye ataleta, na akaileta kutoka ofisini kwa baba yake, halafu akashika simu tayari kunirekodi nikiaibika. Mwenye mashine ya kusaga akatupa umeme. Nikatelezesha pawa saplai chini ya ubao. Nikaweka bodi juu. Matundu manne yalikutana na skrubu nne bila kubishana, na hapo nilimsikia muuza ulezi akiguna, maana hila ya kawaida haihitaji skrubu. Nikapachika ramu, nikaunganisha waya. Nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Nikakibonyeza kwa adabu, kisha kwa nguvu. Nikaikumbuka sura ya mwisho ya kitabu, mahali fulani duniani, ikiwa na mafuta ya karanga. Aziz akauliza kwa upole bandia kama nimejaribu kuisomea. Mzee Gibson akavua miwani. Mama Mdogo akaanza kukunja magunia matupu bila kunitazama.

Ni Bana Mutale aliyesema. Sidhani hata alifikiri. Miaka yote amesimama mbele ya kizimba kile na debe mbele yake, na neno lake ni moja.

“Ligonge.”

Na Mama Mdogo naye, kwa mazoea yale yale, akageuka na kuligonga ubavuni. Mara mbili, kwa kiganja.

Kitu ndani kikakaa mahali pake. Nadhani ni ramu. Nikabonyeza kitufe.

Feni ikanguruma! Ikapuliza makapi yote ya maharage yaliyokuwa pembeni mwa debe hadi kwenye ndevu za Mzee Gibson. Skrini ikawa nyeusi yenye mwanga, yakatokea maandishi meupe. Watu wakasogea kuisoma. Mzee akaniuliza inasema nini.

“Inasema haina diski, mzee. Haina la kufikiria.”

Akajipangusa makapi. Akasema hiyo ni mashine mkweli, maana wengi hapa hawana na hawasemi. Akatangaza kwamba Tupokigwe abaki kizimbani kwake, amjazie kila mteja wa Jumamosi alichopungukiwa, na debe hili lisionekane tena karibu na nafaka.

Aziz alisahau kurekodi.

Jumatano, 23 Julai

Siku nzima baada ya shule nimebeba maharage kwa wateja wa Jumamosi. Mabega yanauma. Bana Mutale alipokea yake mpakani, akaniongezea kipande cha muwa na kuniomba nisimtengenezee chochote.

Mama Mdogo haongei nami moja kwa moja. Anawaambia simbilisi nikiwa nasikia. Amewaambia kwamba kuna watu wanajua kusoma vitabu vya Kiingereza lakini hawajui kusema, “Mama, naomba debe.” Simbilisi walimsikiliza vizuri sana. Baadaye amewaambia chakula changu kimefunikwa.

Ijumaa, 25 Julai

Kompyuta ya Aziz ilifika na kirikuu. Ikakwama mlangoni mwa darasa. Wakaigeuza. Ikakwama upande. Mwalimu Raphaeli akatoka nje kuitazama, akaisifu sana taa zake, kisha akasoma masharti ya Vwawa: kila kazi ikae juu ya dawati moja.

Yangu ilikaa juu ya dawati, na daftari la mahudhurio likapata nafasi pembeni. Nikaligonga mara mbili, nikabonyeza, ikawaka. Mwalimu akauliza kama kugonga ni lazima. Nikamwambia ni sehemu ya mfumo. Akaandika.

Ameamua twende wawili. Mimi na debe, Aziz na diski, maana diski anayo ya akiba. Aziz amesema sawa, lakini yeye ndiye atakayegonga. Nimekataa. Kwa sauti! Darasa zima lilisikia.

Jumapili, 27 Julai

Mama Mdogo amesimama tena kanisani kusahihisha ushuhuda. Nilitaka kuingia chini ya benchi. Amesema maharage hayakuongezeka, yalipanda juu ya ubao. Watu wakacheka. Kisha akasema muujiza upo vile vile, ila aliukosea mahali: mtoto wake ambaye hajawahi kumwomba hata chumvi alisimama mbele ya soko zima akasema. Mwinjilisti akaitikia amina. Sikutafuta zaburi. Nilitafuta leso.

Njiani kurudi amezungumza nami mwenyewe, bila simbilisi. Amenitaka niahidi jambo moja: chombo chake chochote cha kupimia, nikikihitaji, nimwombe kwanza. Nimeahidi kwa moyo wote. Nimejifunza. Mtu anapaswa kusema mapema.

Mchana Aziz alipita kuleta diski. Akasema amesikia shule moja ya Mbozi inakuja Vwawa na kompyuta ndogo kuliko debe. Alisema kama mzaha. Sijui kama ni kweli. Nimekaa na jambo hilo tangu alipoondoka.

Mama Mdogo anapimia karanga kwa sado, lile kopo la rangi la duara. Ni jepesi, ni imara, halifiki hata robo ya debe. Bodi ikisimama wima badala ya kulala, na pembe zake zikipunguzwa kidogo kwa tupa, inawezekana. Nimekwenda kumwomba. Nilimkuta amelala usingizi wa Jumapili, mdomo wazi, kitenge usoni. Nikaona si wakati wake.

Nikalichukua sado kutoka stoo. Nikalipima na rula, ndani na nje. Nikachukua rangi ya fedha iliyobaki, nikalipaka ndani, na nikalirudisha pembeni mwa mizigo ya karanga likauke.